Pikapu ya Gia Mbili Yajifunza Kusimama

Redio ya mshona viatu pale kijiweni ndiyo iliyoanzisha yote. Ilikohoa kidogo juu ya msumari wake, kisha ikatangaza kwamba lori limekatika breki kwenye mteremko, likapenya ukuta wa ukumbi mmoja na kusimama karibu kabisa na jukwaa. Hakuna aliyeumia. Ndani ya ukumbi huo, mgeni rasmi alikuwa akifungua wiki ya usalama barabarani.

"Alikimbia?" aliuliza Mama Kahawa, birika mkononi.

"Wanasema hotuba iliendelea," alijibu Mstaafu, aliyefundisha shule maisha yake yote na sasa alifundisha benchi. "Halafu, lori halikatiki breki. Breki ndizo zinazokatika."

"Mwalimu, lori likishaingia ukutani, sarufi haisaidii kitu," alisema Wakili.

Huyu Wakili hakuwahi kusoma sheria. Aliuza vifuniko vya simu, ila jina lilimkaa kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, hasa siku alizokosea.

"Mimi hapo nazilaumu breki," aliendelea.

"Kwa kukatika?"

"Kwa kuwepo. Mtu akijua ana breki, anakimbia kama kaiba. Asiye nazo anakwenda kwa adabu. Ushahidi huu hapa." Akamnyooshea kidole mtu wa mwisho kwenye benchi.

Huyo alikuwa Gia Mbili, mwenye pikapu ya buluu iliyohamisha makochi na vitanda vya mtaa mzima. Mteremko ulioanzia pale kijiweni aliushuka kwa gia ya pili, injini ikilia kama mgonjwa wa jino, kwa kuwa pedali yake ya breki ilikuwa kama ahadi ya mgombea: unaiegemea kwa moyo wote, inazama, na hakuna kinachobadilika.

"Miaka yote hiyo hajagonga mtu," alisema Wakili. "Mwenda pole hajikwai."

"Mwenda pole, bwana. Hawakusema mwenda bila breki."

"Na pikapu yenyewe ilivyopambwa," Mama Kahawa akaongeza. "Honi kama ya meli, matairi mapana, spika mpaka chini ya kiti. Injini nayo akabadilisha iwe na nguvu zaidi. Kila kitu cha kwenda kipo. Cha kusimama anamwachia Mungu."

Gia Mbili aliinamia kikombe chake. Kwa kawaida maneno ya kijiweni yalimwingia sikio hili yakatokea lile, lakini leo alikuwa na lake, na lilikuwa linamwasha ulimi.

"Nimeshabadilisha," alisema.

"Umebadilisha nini?"

"Breki. Jana nimeitoa gereji. Mbele nimeweka diski pana kuliko zile za mwanzo. Nyuma zile ngoma za breki zimetolewa, zimeingia diski. Pampu mpya, mipira mipya, mafuta mapya."

Benchi zima likamgeukia. Wakili ndiye aliyedakia kwanza.

"Ngoma zimetoka? Sasa gari litacheza nini?"

"Litatulia," alisema Mama Kahawa. "Lakini tuambie ukweli, mwenzetu. Ni wewe umeamua, au ni lile lundo la mchanga?"

Gia Mbili alijua hadithi ile imeshafika kila kibaraza. Alikuwa amempakia mama mkwe kumrudisha kwake. Walipokaribia geti aliikanyaga pedali, na pikapu ikalipita geti taratibu kabisa, mama mkwe akiwapungia majirani waliodhani anakwenda mbele. Walisimama ndani ya lundo la mchanga mahali watu walipokuwa wanajenga. Mama mkwe hakupiga kelele. Aliteremka, akakung'uta nguo, akasema, "Ahsante kwa safari, mkwe wangu," akarudi kwa miguu. Ahsante ile ndiyo iliyomnyima usingizi. Laiti angemtukana.

Na leo mama huyo alikuwa anatakiwa kliniki kuondolewa mtoto wa jicho. Mkewe Gia Mbili alikuwa ametangulia huko kushika nafasi. Teksi zilikuwepo, lakini Gia Mbili aliona mbali: mama mkwe akishapelekwa na gari la mtu mwingine, yeye atabaki kuwa mkwe wa mchanga mpaka anaingia kaburini.

"Amekubali kupanda?" aliuliza Mstaafu.

"Amesema atakuja mwenyewe aone."

Hata kabla kahawa haijapoa, mama mkwe akatokea, mrefu, mkoba kwapani, hatua zake za mtu anayekwenda kukagua kazi ya fundi. Wote wakasimama kumwamkia. Akaitikia, akaizunguka pikapu mpaka akarudi alipoanzia.

"Jicho moja ndilo bovu," alisema. "Mchanga nilikuwa nimeuona tangu kona. Hizo breki ziko wapi?"

"Zimo ndani ya magurudumu, mama."

"Hata za zamani uliniambia zimo ndani. Nani amezijaribu?"

"Fundi," alisema Gia Mbili. Yeye mwenyewe alikuwa ameirudisha pikapu nyumbani kwa njia ya tambarare, polepole kwa woga, bila kuzitia kwenye jaribu lolote la maana.

"Mimi husikia kuna bwana hapa anasema breki hazina faida," mama mkwe akaendelea, na jicho lake zima likatua kwa Wakili. "Basi wewe baba hutapungukiwa na kitu. Panda nyuma, mshuke mteremko, nami nitatazama nikiwa hapa."

Wakili akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza kijiwe kikamwona anatafuta hoja na hoja inamkimbia.

"Mimi, mama, nina wateja."

"Wateja gani?" aliuliza Mama Kahawa.

Wakili alipanda. Mstaafu naye akapanda, akisema ni kwa ajili ya elimu. Wakashika bomba la nyuma ya kichwa cha gari, na Gia Mbili akaondoka kuelekea ukingo wa mteremko.

Sasa, mguu wa mtu ni mwanafunzi mzito. Mguu wa Gia Mbili ulikuwa umezoea kuanza kazi mapema, tena kwa uzito wa mwili mzima, kama mtu anayeponda kokoto. Alipouona mteremko tu, ukafanya kama siku zote.

Pikapu ikasimama papo hapo. Haikuyumba, haikulia. Ilisimama kama iliyoitwa jina lake. Kifua cha Wakili kikagonga bomba, kofia ikaruka juu ya kichwa cha gari, ikashuka mteremko peke yake. Mstaafu alijikuta amepiga magoti kama mwanafunzi mtoro.

"Zinafanya kazi," alisema kwa sauti ndogo.

Wakili alikuwa anatafuta pumzi. "Nilisema mimi. Breki zitaua watu."

Mama mkwe alisogea hadi dirishani. Gia Mbili hakuthubutu kumtazama.

"Gari limepona," alisema. "Uliobaki ni mguu wako. Nao tumpelekee fundi?"

"Nisamehe, mama. Nimezoea."

Mama mkwe akafungua mlango, akaketi, akauweka mkoba mapajani. "Kanyaga kama unaingia chumba alicholala mtoto mchanga. Twende."

Wakili na Mstaafu walikuwa wameshateremka bila kuambiwa. Gia Mbili akaiachia pikapu ishuke. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umeushika mpini wa mlango kwa nguvu mpaka mishipa imetokeza. Gia Mbili alikanyaga kidogo, mwendo ukapungua. Akaachia, akakanyaga tena, kwa ncha ya kiatu, na pikapu ikamtii kila alipoiomba. Injini haikulia. Kwenye makutano ya chini, magari yakipita mbele yao, ikasimama laini hata mkoba haukuteleza.

Mkono wa mama mkwe ukauachia mpini.

Gia Mbili alikaa akiitazama ile barabara, mguu juu ya pedali, moyo umemjaa. Hakuwahi kusimama mahali pale maishani mwake. Siku zote alipapita tu, akiomba. Magari yakaisha, njia ikawa nyeupe, nyuma yao honi zikaanza. Yeye bado alikuwa amesimama.

"Mkwe wangu," alisema mama taratibu, "kusimama nimekuona. Kuondoka nako umekuacha gereji?"