Msomaji wa Kitabu cha Mawingu

Jumatatu, 3 Machi

Kicheko. Kimoja tu, kifupi, nyuma ya rafu za sayansi, cha mtu aliyechekeshwa na sentensi. Nilipozunguka rafu, hakuna mtu. Kitabu cha mawingu mezani, kimeachwa wazi. Anakipenda, lazima aliwahi kukiazima! Mchana kutwa nimekaa mbele ya kompyuta ya maktaba, mkono shavuni, kazi imelala. Nani huchekeshwa na mawingu? Lazima nimwone.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika programu. Inashuka kwenye orodha ya wanachama, ikimuuliza kila mmoja: umewahi kuazima kitabu cha mawingu? Ikipata ndiyo, inasimama. Mistari sita, mizuri kama usingizi. Nimeizuia isinionyeshe jina. Majina huharibu ndoto. Barua imejiandika yenyewe, pamoja na anwani: fika dirisha la tatu, Alhamisi saa nane, kuna jambo la mawingu. Mwenzangu wa ofisini, tunayemwita Nukta kwa kusahihisha kila kitu, alichungulia akasema ningetafuta wote waliokiazima. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi

Nilivaa gauni la buluu. Saa nane kamili akatokea Mama. Mama yangu mzazi! Barua mkononi, manukato shingoni. Mbele ya foleni nzima akauliza tangu lini mtoto anamwita mamake kwa barua yenye mhuri, kwani simu imekufa? Kumbe orodha inafuata tarehe ya kujiunga, naye yuko juu kabisa. Kitabu alikiazima nilipokuwa darasa la tatu, kwa ajili yangu. Sikukifungua. Nukta alijificha nyuma ya kompyuta yake, mabega yakitikisika.

Ijumaa, 7 Machi

Nukta alinieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji: programu yako, dada, ikimpata wa kwanza inakaa chini, waliobaki haijawagusa. Akanitolea wote, kwa majina. Arobaini na mmoja! Nikamwambia hilo si jibu, hiyo ni foleni. Karatasi yake sikuisoma.

Nikatazama nje muda mrefu. Wingu moja lilipita juu ya mapaa, bila haraka, bila kumuuliza mtu. Ndipo nikaliona kosa langu waziwazi: nilianzia juu.

Nimeigeuza orodha, ianzie chini. Imesimama kwa wa kwanza. Jina sijaangalia. Barua imeshaondoka, na safari hii nimemwita saa kumi. Saa hizo Mama huwa kazini.