Jezi Kavu ya Mnara

Jongeeni, enyi mlio na masikio, na mlio na nguo kwenye beseni ziacheni ziloweke, niwasimulie jambo zito lililotukia Jumamosi katika kiwanja kilicho nyuma ya kiwanda cha mikate. Sisimulii vita vya wafalme. Wafalme wana watu wao wa kuwasifu. Nasimulia mpira mmoja uliotoka mkononi mwa mtu ukafika mkononi mwa mwenzake, umbali wa hatua nne tu, nao ulichukua msimu mzima kufika. Mwenye haraka aende zake.

Mfuaji wa jezi za kikosi cha mpira wa kikapu cha kiwanda hicho ni mimi, kwa sababu bomba letu halikatiki maji na kwa sababu mume wangu hajui kusema hapana. Mume wangu ni mchoma mikate, mrefu hata mlangoni huanza kuinama akiwa bado uani, ndiyo maana wanamwita Mnara. Na kinara wa kikosi ni dereva wa gari la mikate, Kimbunga, simba wa saruji, mwenye miguu miwili inayofanya kazi ya minane, ambaye wadhifa wake kiwanjani ni kuwagawia wenzake mpira. Shikeni neno hilo, kuwagawia.

Basi kila Jumamosi jioni nilifungua mfuko wa jezi. Ya Kimbunga ilitoka imelowa chapachapa, ukiikamua unajaza kata. Ya Mnara ilitoka kavu, na mikunjo yangu ileile, ikinukia sabuni niliyoitia mwenyewe. Wiki ya kwanza niliifua tu. Wiki ya sita niliikung'uta mbele ya uso wake.

"Baba Mapacha," nikasema, "mwanamume anayecheza hutoka jasho. Wewe Jumamosi unakwenda kwa nani?"

Akasimama katikati ya sebule, mkono kifuani, kichwa kikikaribia taa, akahutubu: "Mke wangu! Naapa kwa tanuri linilishalo, nasimama chini ya kikapu dakika arobaini, mikono juu, nikingoja mpira. Hauji! Hauji, mama wee! Njoo ushuhudie kwa macho yako!"

Sikumwamini hata chembe. Nikaifua, nikaianika, na ndoa ya miaka kumi na mitatu ikaning'inia kwenye kamba pamoja na jezi ile.

Jumamosi ya saba nikaenda, beseni kichwani, ili wajue nimekuja kikazi. Maadui walikuwa mafundi bomba, majabali wa mabega mapana na maneno machache. Filimbi ikalia. Kimbunga akautwaa mpira, na hapo, jamani, nisiwafiche, hata mimi nilipiga vigelegele. Aliudunda kati ya miguu, akaudunda nyuma ya mgongo, akamzunguka fundi mmoja mara mbili, kisha akamrudia tena kwa sababu roho yake ilikuwa haijaridhika. Watazamaji waliimba jina lake mpaka sauti zikakauka. Naye Mnara wangu alisimama palepale chini ya kikapu, mikono juu, na hakuna fundi aliyejisumbua kumkaba. Nilihesabu. Aliinua mikono mara thelathini na moja, na mara ya thelathini na mbili alikuwa anajikuna tu.

Hadi mapumziko mafundi walikuwa na pointi arobaini, sisi kumi na nane, zote za Kimbunga.

"Bila yeye tungekuwa na sifuri," akasema kocha, ambaye siku za kazi ni mtunza stoo.

"Na tukiwa naye tuna nini?" nikamuuliza.

Wiki sita nilikuwa nimemwonea mume wangu bure! Nikaingia kiwanjani, nikalitua beseni mbele ya mashujaa, kishindo chake kikawageuza wote.

"Shemeji Kimbunga! Ewe uliyekimbia kuliko wenzako wote wakijumlishwa! Nimezifua jezi zenu msimu mzima, na jezi hazijui kudanganya. Moja imelowa, nne kavu. Hiyo si timu, shemeji, huyo ni mtu mmoja na mashahidi wanne! Leo ya mume wangu ikirudi kavu, zote utafua wewe, pamoja na soksi."

Nilitegemea majivuno. Kumbe akanijibu kwa sauti ndogo, ya kila siku: "Shemeji, hawa wanasimama mbele ya moto wiki nzima, mimi nimekaa garini. Nikasema wacha nichoke mimi. Tena nikimpa mtu akaupoteza, mtamsema yeye. Bora mniseme mimi."

"Nani kakwambia tumechoka?" akanguruma Mnara, ambaye sijapata kumsikia akinguruma. "Mikono imekufa ganzi kwa kupumzika!"

Kipindi cha pili kikaanza. Mafundi watatu wakamzingira Kimbunga. Akachomoka kulia, akakuta ukuta. Akageuka kushoto, ukuta mwingine. Akaniangalia. Nikalinyanyua beseni. Ndipo, andikeni enyi waandishi, akafumba macho akautupa.

Mpira ulimpiga Mnara kifuani, akaukumbatia, akautazama kama barua ya ndugu aliyepotea. Mafundi wakaduwaa; jambo hilo hawakuwa wamelifanyia mpango.

"Tia, Baba Mapacha!" nikapiga ukelele.

Hata hakuruka. Aliuinua tu, akauweka kikapuni taratibu, kama mtu anayepanga mkate juu ya rafu.

Kuanzia hapo mpira ulitembea kwa kila mtu, na wachoma mikate walikimbia hadi wakahema. Tulifungwa, ndiyo, hamsini na tano kwa arobaini na nne, wala sitaki maswali. Nikazikamua jezi palepale. Ya Kimbunga ilitoa nusu kata, na wenzake wakaijaza iliyobaki.

Mnara akainama mpaka usawa wa uso wangu. "Umeniona?"

"Nimekuona, mume wangu. Na sasa nakunusa. Nisamehe."

Jezi ile niliitundika mbele ya nyumba siku mbili bila kuifua. Majirani walipita upande wa pili wa barabara, na kila aliyeuliza, hata ambaye hakuuliza, nilimtangazia: "Ni ya mume wangu! Alikuwa anacheza mpira!"