Vichwa Kumi na Kimoja, Mita Moja

Jumamosi, 8 Julai

Bili ya maji imefika, nono kama kondoo wa Idi. Mita ni moja pale getini, nyumba ni tatu. Chini anakaa Hajja Wasfiya, mwenye jengo. Katikati, Ustadh Jalal na mkewe. Juu ni sisi: mimi, Rihab na watoto sita. Maji ya mwanzo ni rahisi, ukivuka kipimo bei inapanda. Na kwa kuwa sote tunapita mita moja, kule ofisini tunaonekana familia moja yenye kiu ya ngamia. Miaka yote tumegawana bili mafungu matatu sawa. Utaratibu mzuri sana. Niliubuni mimi.

Leo Ustadh Jalal kauvunja. Huyu alinifundisha hesabu darasa la sita na hajanisamehe hadi leo. Kasimama ngazini na bili mkononi, kasema tugawane kwa vichwa. Jengo zima lina vichwa kumi na kimoja. Vinane ni vyangu. Nikamwambia mtoto mchanga si kichwa, ni nusu. Akasema kwa anavyolia ni kichwa na nusu. Kisha, Rihab akisikia, akasema watoto wetu ni bomba lililopasuka.

Rihab alifunga mlango polepole, na hiyo kwake ni hasira kubwa kuliko kuubamiza. Mwanamke huyu anaogesha watoto watatu kwa beseni moja, maji hayo hayo anafulia matambara, kisha anaoshea ngazi mpaka mlangoni kwa Ustadh. Tulipokaa kula akasema tu, "Hawa si bomba, Fawzi. Ni watu."

Hajja kaamua: Jumanne atapanda mwenyewe kuhesabu vichwa.

Jumatatu, 10 Julai

Nimepata dawa. Nilikuwa dukani nampimia mteja zipu, wazo likanishukia, nikamkatia zipu fupi. Kama bili inafuata vichwa, basi vichwa vipungue. Kesho wanne wanakwenda Russeifa kwa dada yangu Fatin. Nabaki na Mutaz, kifungua mimba, na Hala anayenyonya.

Rihab anasema njia ni ofisi ya maji, tupate mita yetu wenyewe. Nikamwambia ofisi ni za watu wasio na akili ya kujitegemea. Akaendelea kuosha mchele.

Jumanne, 11 Julai

Ushindi. Hajja kapanda na daftari lake, kahesabu vichwa vinne. Kwa bahati mbaya alikuwa na sinia la keki ya basbusa, vipande sita, kimoja kwa kila mtoto. Akauliza wengine wako wapi. Nikasema wamehamia kwa shangazi yao moja kwa moja. Kwa sababu gani? Hewa. Hajja akashangaa: hewa ya Russeifa? Kule kwenye vumbi la migodi ya fosfeti? Nikasema daktari ndiye aliyeshauri.

Akalia. Lulwa wangu humsukia nywele kila Ijumaa. Sikulitarajia hilo, na kwa kitambo moyo uliniuma. Lakini kaandika: wanne. Nilikula basbusa nne kwa niaba ya wasiokuwepo.

Jumatano, 12 Julai

Fatin kawarudisha watoto kabla ya adhuhuri. Anasema wamemmalizia tangi la juu ya nyumba, na kwake maji hayaji mpaka Jumapili. "Chukua jeshi lako, kaka. Mimi nilidhani nimeletewa wageni."

Sasa kazi ni kuwaficha. Nimeweka zamu: ngazini wanashuka wawili wawili, na kila jozi inasema ndiyo pekee iliyopo. Mapacha, Sinan na Sari, nimewapa zamu ya mtu mmoja. Mkewe Ustadh kamwambia mumewe kwamba yule mtoto wa juu ana mbio ajabu, yuko getini na dirishani kwa wakati mmoja.

Alhamisi, 13 Julai

Siku ya zamu yetu ya maji, mara moja kwa wiki. Mabomba yanakoroma tangu asubuhi, jengo zima linafua. Katikati ya hayo kaja afisa wa ofisi ya maji, binti anayeitwa Inas, kavaa fulana ya kazi na ana faili kwapani. Kasema kuna utaratibu mpya. Jengo lenye familia kadhaa litapewa mita kila nyumba, na yale maji ya bei rahisi yatahesabiwa kwa kichwa. Mtoto naye anahesabiwa mzima, si nusu. Familia ikiwa kubwa, fungu lake la maji rahisi nalo ni kubwa. Kasema mtu wa jengo hili alileta maombi, ndiyo maana kaja. Sikuuliza ni nani. Nilikuwa nahesabu vichwa.

Vinane. Ni utajiri huo.

Kisha Hajja, kwa huruma zake, akafungua daftari akamsomea: juu wapo wanne, maskini, wengine wana kifua. Inas akaandika wanne. Ustadh Jalal akatabasamu kama aliyeona mwanafunzi amekosea kujumlisha.

Inas atarudi Jumapili kuthibitisha. Nina siku mbili za kuzaa watoto wanne. Na kwa nini wanne tu?

Ijumaa, 14 Julai

Fatin kakubali kuniazima watoto wake wanne kwa siku moja. Kakubali haraka kuliko nilivyopenda. Wangu sita, wake wanne, jumla kumi. Nimewafundisha jibu lao: huyu ni baba, yule ni mama, tunaishi hapa. Mdogo wao, Zaydun, ana miaka mitano na ana kichwa kigumu. Nimemwahidi aiskrimu.

Rihab kauliza nafanya nini. Nikasema naandaa ushahidi. Akasema naye anao wake. Sikumsikiliza, nilikuwa natafuta viatu vya kutosha.

Jumapili, 16 Julai

Niandike yote kwa mpango, kwa sababu leo ni siku kubwa.

Saa nne Inas kafika. Nikapanga watoto kumi sebuleni kwa urefu. Hajja alipomwona Lulwa alimkumbatia, akashukuru Mungu kwa kupona kwake, kisha akaangalia mstari mzima na shukrani zikakatika. Ustadh naye alikuwa amepanda bila kualikwa.

Inas kamwinamia Zaydun, kaninyooshea kidole, kamuuliza huyu ni nani yako. Mtoto kajibu vizuri, kwa sauti: "Huyu mjomba. Amesema tukimwita baba atatununulia aiskrimu."

Ustadh akakohoa. "Jumanne vichwa vinne, Jumapili kumi na viwili. Fawzi, hata darasani hukuwahi kukosea hivi." Inas akaanza kufunga faili. Akasema kwa upole kwamba nyumba yenye hesabu ya uongo hurudishwa nyuma ya foleni, na foleni ni ya mwaka. Akilini nikamwona Rihab akioshea ngazi maji machafu mwaka mwingine mzima, akiitwa mama wa bomba.

Ndipo Rihab akatoka jikoni. Mkono mmoja daftari la familia, lenye mhuri na majina sita ya watoto. Mkono wa pili kijitabu cha shule. Akasema, "Dada, maombi niliyaleta mimi, wiki tatu zilizopita. Mume wangu yuko hivi. Lakini watoto ni wa kweli. Hesabu hawa sita."

Katika kile kijitabu kulikuwa na miezi mitatu ya maji yetu. Ndoo za kuogea, ndoo za kufulia, za kupikia, kila siku kwa mstari wake. Nimeishi humo ndani sikujua. Inas akasoma, akapiga hesabu pembeni, akasema kwa kichwa kimoja nyumba hii inatumia maji machache kuliko nyumba nyingi alizozikagua. Ustadh akaomba kijitabu. Akatoa kalamu. Tulisubiri huku akijumlisha, akigawanya, akirudia. Kisha akauliza mkewe kwa sauti ndogo wao wawili wanaumwagilia mzabibu wao wa uani ndoo ngapi. Mkewe akasema nane, kila jioni.

Akavua miwani. "Hesabu ni sahihi," akasema. Kisha kwa Rihab: "Binti yangu, nilisema neno baya kuhusu watoto wako. Nisamehe."

Rihab akamwambia yamepita, akamkaribisha chai ya maramia, yale majani ya kunukia. Inas akafuta wanne akaandika wanane, akapiga mhuri. Hajja akanivuta sikio mbele ya watoto kumi, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Aiskrimu nilinunua kumi. Zaydun alikula mbili.

Alhamisi, 27 Julai

Mita tatu getini, mpya, zinang'aa. Watoto walipiga makofi fundi alipofungua maji. Ustadh amenunua beseni. Maji yake ya kuogea sasa yanakwenda kwenye mzabibu, na kila asubuhi humletea Rihab hesabu yake asahihishe. Anapata alama nzuri.

Jumamosi, 2 Septemba

Bili yetu ya kwanza! Nyepesi kama karatasi yenyewe. Hatukugusa hata daraja la pili la bei. Rihab aliibandika jikoni, akaimba akikaanga mbilingani.

Sokoni nimeeleza wote jinsi nilivyoupanga mpango huu tangu mwanzo. Kama nisingewaficha watoto, nani angejua thamani yao? Wengi walinikubalia, hasa wale wanaonidai kahawa.

Na hapo hapo muuza bawaba kaninong'oneza siri: mita haisikii tone. Ukiacha bomba lidondoke kidogo kidogo, mshale hausogei hata nywele. Maji ya bure. Rihab na watoto wako kwa mama yake mpaka kesho. Nimeweka sufuria, madumu, na kila beseni chini ya kila bomba. Tangu adhuhuri yanadondoka, na mimi nimelala kidogo kama tajiri.

Sasa hivi Ustadh kagonga mlango. Anasema dari lake linavuja. Nikamuuliza maji mengi? Akasema hapana, ni tone tone.

Nimefarijika sana. Kama ni tone tone, mita haijasikia.