Bado Vifungo Tu

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Balaa! Nyundo, mpiga dramu wetu, anataka kuihama bendi. Kisa? Eti jana solo yangu ya gitaa ilianza watu arobaini wakiwa ukumbini, ikaisha amebaki mlinzi. Nikamwambia mlinzi alikuwa anasikiliza kwa makini. Akasema mlinzi alikuwa anasubiri kufunga mlango.

Solo yenyewe dakika tisa tu!

Bendi ya hotelini inamtaka. Ametoa sharti: Jumamosi tunapiga katika chuo cha ufundi, na watu wakikimbia tena, anabeba dramu zake anakwenda. Tupige pop, anasema, kitu chenye kiitikio cha kushika kichwani. Shemeji, mume wa dada yangu, anayeimba na kupiga besi, akamuunga mkono hata kabla hajamaliza. Msaliti! Miaka kumi na saba tuko watatu, tangu shuleni. Bendi yetu inaitwa Radi. Radi haiimbi la-la-la.

Nyundo akiondoka sijui nitafanya nini. Hilo sikumwambia mtu.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimepata mpango. Nitawatungia pop mbovu mpaka waone haya wenyewe, warudi kwenye roki wakiniomba msamaha.

Nilikwenda kutunga kwa dada. Yeye ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea ndicho tunachofanyia mazoezi. Mteja akaingia kuulizia gauni lake. Dada akajibu bila kuinua macho kwamba bado vifungo tu, aje kesho. Gauni lenyewe lilikuwa kitambaa bado, paka kalilalia. Akaja wa pili: bado vifungo tu. Wa tatu: njoo kesho.

Nikachukua karatasi, nikaandika. Dakika nne, kiitikio tayari: “Bado vifungo tu, njoo kesho, njoo kesho.” Akili hamna hata chembe. Nimefurahi mno.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Wamekipenda.

Shemeji alikiimba mara moja, machozi yakamlengalenga. Eti ni wimbo wa mtu anayezungushwa na mpenzi. Mpenzi gani? Ni gauni! Nyundo alipiga taratibu huku anatabasamu. Hata paka alibaki chumbani, paka yule yule ambaye hutimua mbio nikichomeka tu gitaa.

Nikadai solo. Wamenipa sekunde nane. Nane!

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mpango wa pili: fitina. Nilimnong'oneza dada kwamba mumewe anaimba wimbo wa kuwacheka mafundi waongo. Nilijua atatufungia chumba, na wimbo utakufa.

Akauliza maneno katunga nani. Nikasema sijui. Akatoa ile karatasi. Kumbe niliandika nyuma ya vipimo vya mteja! Kiuno na nyonga upande mmoja, mwandiko wangu upande wa pili. Akasema maadamu navijua sana vifungo, nikae nivishone.

Nimeshona sitini na viwili. Sindano imenitoboa kila kidole. Vidole vya mpiga solo! Na yeye kwenye cherehani, muda wote anaimba kiitikio changu chini chini.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Niliapa kwamba zikifika sekunde zangu nane, nitafungulia amplifaya mpaka mwisho na kupiga zote tisa. Dakika, siyo sekunde.

Zilipofika, vidole vilikataa. Kila uzi wa gitaa moto. Nikapiga nane, tena polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyodekiwa.

Ukumbi mzima uliimba. Wateja wa dada walikuwa mstari wa mbele, wanamwimbia usoni huku wanamnyooshea vidole, naye anacheka mpaka anashika mbavu. Hata mlinzi wa chuo alicheza! Hakuna aliyetoka.

Nyundo akanikumbatia na jasho lake lote, akasema hotelini watafute mtu mwingine. Nikamwambia macho yananiwasha kwa sababu ya moshi wa jukwaani. Akasema hapakuwa na moshi.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Nimewaeleza kwamba tangu mwanzo niliyapanga haya yote. Shemeji alikohoa sana.

Sasa watu wamekwisha kutuzoea, wakati ni huu. Nimetunga wimbo, “Njoo Kesho Kutwa”, wenye solo ya dakika kumi na moja. Nyundo bado sijamwambia, nataka ashtukie jukwaani.

Onyesho lijalo ni keshokutwa. Nimeagiza suti tatu nyeupe kwa dada, na leo nimepita kuzikagua. Anasema zimekwisha, bado vifungo tu, nije kesho. Raha ya kushonewa na ndugu ndiyo hiyo, hakuna kuzungushwa.

Nikitoka nimemkuta paka amelalia kitambaa cheupe, hakijakatwa hata kidogo. Maskini mwenye kitambaa hicho.