Kishikio cha Simu cha Marehemu Mjomba Benedikto

Jumatatu, 3 Juni 2002

Nimeamua. Jumamosi, ukoo utakapokutana Nyandira kuanua matanga ya Mjomba Benedikto na kumteua mrithi wa jina lake, nitawasili simu yangu ya mkononi ikiwa imesimama mbele ya dashibodi, ionekane na wote. Jina huenda kwa mpwa. Pikapu ya kubebea mboga hufuata jina. Wapwa wanaofikiriwa ni wawili tu: mimi Eustace, mkaguzi wa ubora hadi kiwanda cha magunia kilipobinafsishwa nikapunguzwa, na Fidelis, mtoto wa mama mdogo, mkulima wa kabichi. Bila pikapu hiyo sioni riziki nyingine. Fidelis hana simu. Hoja imekamilika.

Limebaki suala la kishikio. Maduka ya mjini Morogoro yamejaa vitu vya Dubai, nami nimevichunguza kama nilivyokuwa nikichunguza magunia. Cha kunyonya kioo: kilidondoka mbele ya mwenye duka. Cha gundi: kitaharibu dashibodi. Cha kubana kwenye tundu la hewa ndicho sahihi kimantiki, kwa kuwa upepo huipoza simu. Kwamba feni ya gari langu iliungua zamani ni jambo la pembeni. Nilizijaribu taya zake kwa nguvu ya kitaalamu. Zikavunjika! Mwenye duka, aitwaye Pili, akaniuliza kama nimekuja kununua au kupigana.

Kishikio bora kuliko vyote nilivyowahi kuviona kimo ndani ya pikapu ya marehemu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepanda Nyandira, kwenye milima ya Uluguru. Ukungu. Nilimwamkia Mama Mkubwa Josephina, dada wa marehemu na mkuu wa ukoo, shikamoo ya kuinama kabisa, nikamweleza kwamba betri ya gari hufa isipowashwa. Akasema niwashe, betri haina msiba. Lakini kitu cha marehemu asikichukue mtu wa ukoo mpaka matanga yaanuliwe. Wenye ruhusa ni watani peke yao. Nilikubali kwa kichwa. Mkono haukuahidi kitu.

Kishikio kilikuwa kwenye tundu lake, taya zikiwa wazi, kana kwamba simu imeondolewa sasa hivi. Simu yenyewe iliwekwa jenezani, kwa matakwa ya Mjomba. Nilikichomoa. Sikuiba: nimeazima kwa majaribio. Chuma chake kilikuwa baridi kupita baridi ya Nyandira, na mfuko wa shati ulilowa njia nzima hadi mjini. Sababu: umande. Ndani ya gari lililofungwa vioo? Umande.

Alhamisi, 6 Juni

Majaribio. Kishikio kimekaa imara. Alama za juu kabisa. Kasoro ndogo ni mbili.

Ya kwanza, tundu linapuliza. Feni ni mbovu, waya wake nimeukata mwenyewe, injini imezimwa. Hata hivyo hewa inatoka taratibu, inatulia, inaingia, inatoka tena, nayo ina harufu ya tumbaku ya kiko, kama ile aliyovuta Mjomba. Nimehitimisha: mgandamizo. Ya pili, simu hugeukia milimani. Niliegesha gari likielekea mjini. Simu ikageuka ikatazama Uluguru. Nikaligeuza gari, simu nayo ikageuka, ikatazama Uluguru. Nimeifunga kwa mpira wa baiskeli. Mpira umekatika.

Jirani yangu Jesca alipita akauliza yule mzee niliyeketi naye garini ni nani, mbona hakuitikia shikamoo yake. Nilimjibu kwamba nilikuwa peke yangu. Akacheka: basi huyo mwenye koti zito hapo nyuma ya kioo anaota jua? Nimemshauri apime macho. Sikutazama upande wa abiria. Haikuwa lazima kitaalamu.

Jumamosi, 8 Juni

Kwenye kona ya mwisho kabla ya Nyandira, mahali ambapo mtandao haujawahi kufika, simu iliita. Hakuna namba. Nilijitambulisha kwa sauti rasmi. Nikasikia maji yakidondoka kwenye majani ya kabichi, na mtu akikohoa kikohozi nilichokijua. Nilimwambia amekosea namba. Akakohoa tena, kwa subira. Nilikata. Simu ikaendelea kukohoa.

Uani watu walikuwa hoi kwa kicheko. Rehani, mtani wetu, alivaa koti na kofia ya marehemu, akimwigiza kama desturi inavyomtaka: anachechemea, anakagua karoti za watu na kuziita vidole vya mgonjwa. Niliingia kwa honi. Rehani akanijia moja kwa moja, akafungua mlango wa abiria, akaketi, akakitazama kishikio. Utani ukamtoka usoni.

“Mpwa,” akasema, na sauti haikuwa yake, “umenishikia simu?”

Waombolezaji walicheka hadi machozi. Mama Mkubwa hakucheka. Alikuja, akaangalia, akatamka mbele ya wote kwamba nimempekua kaka yake mifuko angali njiani kwenda kwa wahenga, na jina lake haliwezi kukaa kwangu. Jina likaenda kwa Fidelis, na pikapu, na kishikio. Hana simu!

Kwa kuwa sasa Fidelis ndiye Mjomba Benedikto, nililazimika kumwamkia shikamoo, yeye akiwa na udongo hadi magotini. Akaitikia marahaba, mpwa wangu. Kisha akakohoa.

Rehani alipoulizwa kuhusu ile sauti, aliapa hakumbuki hata kuingia garini. Alipewa kofia kama haki ya mtani, akateremka nayo bondeni, ikiwa kichwani, nikimwona kwa macho yangu.

Jumapili, 9 Juni

Tathmini. Kosa halikuwa la kimila wala la kimaadili. Lilikuwa la upachikaji. Tundu la hewa halikufaa. Nitanunua cha kunyonya kioo, kisha nimwendee Fidelis, yaani Mjomba, aniajiri udereva kwa muda, mpaka nitakapobuni njia ya kuipata pikapu. Tundu linapuliza hata bila kishikio. Nimeliziba kwa gazeti. Gazeti linapanda na kushuka.

Asubuhi nimeikuta kofia ya marehemu kwenye kiti cha abiria. Rehani ameisahau, bila shaka, ingawa milango niliifunga mwenyewe. Kwa kuwa matanga yameanuliwa na kofia ni mali ya mtani, hoja ya Mama Mkubwa haihusiki hapa. Nimeiazima, kwa majaribio.

Inanienea barabara. Ndani bado ina joto. Nimeanza kukohoa, vumbi la gazeti.