Kiwanja cha Kona, Mirihi

Bakili alikuwa anapuliza chai yake kwenye meza za barabarani za mama chapati Scholastika, Mtaa wa Swahili, wakati televisheni ya duka la jirani ilipoonyesha gari dogo lisilo na dereva likijikokota kwenye mchanga mwekundu. Mtangazaji akaeleza kwamba huko ni Mirihi, sayari ambayo binadamu hajaikanyaga bado. Lile gari ni roboti, na juu angani kuna chombo kingine kinachoizunguka sayari nzima na kupiga picha jiwe kwa jiwe ili ramani ikamilike. Wateja waliendelea kutafuna chapati. Mzee Umakant, muuza saa wa jengo la jirani, ndiye pekee aliyeweka kikombe chini.

"Wanapima," alisema. "Mtu hapimi ardhi asiyoitaka. Hapo kuna mradi."

"Na penye mradi pana fidia, mzee," Bakili akadakia.

Kisha akanyamaza. Wanaomjua wanajua kwamba Bakili akinyamaza, kuna mtu mjini anakaribia kulizwa.

Tuseme ukweli kuhusu jiji letu. Mpima akionekana porini na kile chuma chake cha miguu mitatu, jioni ile ile bei ya viwanja imepanda, kibanda cha mabati kimesimama na miche ya minazi imekwisha kumwagiliwa, ili mradi ukija umkute mtu na mali yake, alipwe ndipo ahame. Hakuna shule inayofundisha somo hilo, na hakuna mtu wa Dar aliyelifeli.

Bakili mwenyewe alikuwa na kitu kimoja tu cha kweli duniani, nacho ni nafasi ya chini ya ngazi katika jengo moja la Mtaa wa Kongo. Pale marehemu mama yake, Bi Amira, aliuza vitenge mpaka akamkuza. Sasa mwanawe aliuza kava za simu, na kava zilipokosa wateja aliuza maneno. Alishauza tiketi za mechi iliyokwisha kuchezwa na kazi za melini bila meli. Lakini ile ngazi hakuwahi kuifanyia mzaha. Aliipenda, na kila asubuhi aliifagia kwa mkono wake.

Kesho yake akaenda Posta kuchapisha picha za Mirihi kwenye karatasi ya kung'aa, akazikata viwanja kwa kalamu nyekundu, akaupa mtaa jina: Mirihi Mpya, Kitalu A. Picha akazirusha pia kwenye magrupu ya simu.

"Shikamoo, Mzee Umakant."

"Marahaba, kijana. Umeleta?"

"Nimeleta. Hiki namba sita. Tambarare, hakina bonde, hakina mafuriko."

"Barabara?"

Bakili akaweka kidole kwenye alama mbili za magurudumu zilizoachwa mchangani na ile roboti. "Matairi haya, mzee. Gari imeshapita. Kuna watu wamenunua Chanika pasipopita hata baiskeli."

Umakant akavaa kile kioo chake cha kutengenezea saa, akayakagua matairi kwa muda mrefu, akaridhika. "Nipande nini? Fidia ya ardhi tupu ni ndogo."

"Mvua huko ni ya shida."

"Basi miembe. Inavumilia."

Miche, Bakili akaahidi, itapanda chombo kitakachofuata, nauli mbali.

Scholastika hakulainika upesi hivyo. Alikuwa mwanamke wa Masasi, mpole wa sauti, aliyekuwa na desturi ya kumsikiliza mtu huku akigeuza chapati.

"Majirani ni akina nani?" aliuliza.

"Dada yangu, uzuri wake ndio huo. Huko hakuna jirani, kwa hiyo hakuna mgogoro wa mpaka. Kaa utulie."

"Na nikija kuona sikitaki?"

"Mali ikishauzwa hairudi. Ndiyo sheria ya viwanja, si yangu."

Akanunua namba saba, kiwanja cha kona, kwa hela ya mchezo wa kuchangiana aliyoisubiri mwaka mzima ili anunue friji. Bakili alimwonea huruma. Huruma ile ilidumu mpaka chapati ya pili.

Baada ya wiki kadhaa, akiwa amekaa kwenye kivuli cha ngazi yake, akamwona mtu wa makamo amevaa kizibao cha rangi ya machungwa na kofia ngumu, amesimamisha katikati ya Mtaa wa Kongo chuma cha miguu mitatu. Kilielekezwa mbinguni. Wabeba mizigo walikizunguka kwa heshima.

"Mambo, braza," yule mtu akasema. "Naitwa Tarsis. Namtafuta mwenye namba saba, Mirihi Mpya."

Bakili akacheka. Aliyeuzaa uongo hawezi kuuziwa uongo huo huo. "Wa nini?"

"Ile roboti imekwama kwenye mchanga wake. Wenye roboti hawataki kesi baadaye. Anayelipwa ni mwenye kiwanja."

"Mimi ndiye niliyeuza."

"Uliyeuza ulishalipwa, braza. Wewe hatuna shida nawe." Akainama kuchungulia mbinguni kupitia chuma chake, akaandika kitu, akakunja miguu yote mitatu na kuondoka.

Hapo ndipo Bakili alipopaswa kurudi kukaa. Akili yake ilimwambia wazi kwamba Kitalu A alikichora yeye, kwa kalamu ya kuazima. Lakini macho yake yalikuwa yameona mpima, na kwa mtu wa Bongo macho yakishaona mpima, akili huombwa isubiri nje. Akaanza kujieleza mwenyewe. Zile picha si alizirusha kwenye magrupu? Wazungu si wamezikuta? Wazungu si wanaogopa mahakama? Kuna jamaa Kigamboni alilipwa kwa migomba miwili mibovu ili tu asiende kwa wakili. Kumbe yeye Bakili alikuwa ameuza dhahabu akidhani anauza mchanga. Ilimuuma kuliko kuibiwa.

Akaenda mbio kwa Scholastika.

"Dada, kile kiwanja kinanisuta moyoni. Nakurudishia hela yako yote."

"Mali ikishauzwa hairudi," alisema Scholastika, akageuza chapati.

"Nakuongezea nusu."

"Mpima nami nimemwona, kaka Bakili."

Mzee Umakant, ambaye masikio yake hayakupitwa na neno fidia, akavuta kiti. "Scholastika, mimi nina namba sita. Nikiunganisha na saba napata eneo zuri. Chochote anachokupa, naongeza." Alikuwa anasema kweli kabisa, na hilo ndilo lililommaliza Bakili.

"Unataka nini, dada?" aliuliza Bakili.

"Hela zinaisha. Mimi jua limenichosha. Nipe na ngazi."

Kwa dakika nzima Bakili hakuwa tapeli, alikuwa mtoto wa Bi Amira. Alimwona mama yake amekaa pale chini, amekunja vitenge mapajani. Alitaka kusema hapana, na neno lilifika mdomoni. Kisha Umakant akakohoa, akatoa pochi.

Mjumbe wa mtaa aliitwa, mashahidi wakasaini, mwenye jengo akaridhia kwa simu. Kiwanja cha Mirihi kikaenda kwa Bakili, ngazi ya Mtaa wa Kongo ikaenda kwa Scholastika pamoja na hela yake ya friji, na Bakili akaenda kumtafuta Tarsis.

Alimkuta viwanja vya Mnazi Mmoja. Kile chuma cha miguu mitatu kilikuwa kimebeba kamera, na mbele yake bibi harusi alikuwa anarekebishwa shela.

"Fidia," alisema Bakili.

"Fidia ipi tena, braza? Mimi napiga video za harusi. Kizibao ni cha bodaboda mmoja." Tarsis akarekebisha kamera. "Dada Scholastika anakusalimu. Mimi na yeye tumbo moja."

Bakili alifikiria polisi. Akajaribu kupanga maelezo yake kuanzia mwanzo, akaona kila njia inaanzia kwake. Akakaa kwenye nyasi, akalia machozi ya kweli.

Siku ya pili miguu ilimpeleka Mtaa wa Kongo kwa mazoea. Chini ya ngazi kulikuwa na meza safi, sufuria za chai na friji mpya inayonguruma. Scholastika akamkaribisha kiti cha nje, juani, akamwekea chai bila kuulizwa. Wala hakumcheka.

Ndipo akatokea Mzee Umakant na picha yake mkononi, uso ameukunja.

"Wewe sasa ni jirani yangu, Bakili. Laini yako nyekundu imeingia kwenye miembe yangu. Nimekwisha kumwita mjumbe, aje na mashahidi."

Bakili akamtazama Scholastika, ambaye alikuwa anageuza chapati. Ilibaki sentensi moja tu ya kumaliza ugomvi huo, kwamba Mirihi Mpya haipo. Lakini mjumbe alikuwa tayari anavuka barabara, na sentensi ile ilikuwa na kifungo ndani yake. Isitoshe, alipoitazama ile picha, damu ilimchemka. Namba saba ndiyo mali pekee aliyobaki nayo.

Akasukuma kikombe pembeni, akasimama.

"Mzee, na tuheshimiane," alisema. "Tazama mwenyewe. Matairi yamepita upande wangu."