Waziri Atawajibika

Jumatatu, 2 Machi
Mabomba ya jiji zima yamekauka. Kosa la nani? Sijui, ila si langu. Mimi ni Waziri wa Maji, si mawingu. Magazeti yananiandama: waziri awajibike. Niwajibike vipi tena? Leo nimefika ofisini kabla ya mhudumu wa chai! Naibu wangu kanipa pole huku akikipima kiti changu kwa macho. Ng'o. Sibanduki.

Jumanne, 3 Machi
Nimepata wazo! Kesho nazindua bomba kwenye wodi ya wazazi, mbele ya kamera. Nyuma ya ukuta tunaegesha boza la maji, mpira unaungwa kimyakimya. Dereva kauliza boza likiondoka wale kina mama watatumia nini. Nimemwambia aangalie barabara.

Jumatano, 4 Machi
Aibu tupu. Nimefungua bomba likakohoa, likatema hewa, basi. Kumbe mkunga mkuu aliliona boza mapema, akaita wenzake na ndoo, wakalikausha. Nilipomkazia macho akanishukuru hadharani: maji ya Mheshimiwa yametosha kuogesha vichanga wote. Watu wakacheka. Naibu akacheka, kisha akajifanya ana mafua. Nyumbani mama watoto kanikumbusha kuwa njia ya mwongo ni fupi. Kaniomba kesho bungeni niseme ukweli na kuomba radhi. Hajui siasa, maskini.

Alhamisi, 5 Machi
Ushindi! Wabunge walinibana mpaka jasho likanitoka. Nikatafuta neno zito, nikapiga meza: Mheshimiwa Spika, kuanzia leo nitawajibika. Ukumbi mzima makofi, hata wapinzani. Sijawahi kupendwa hivi. Naibu kanikumbatia, machozi yakimlengalenga.

Ijumaa, 6 Machi
Kumbe kuwajibika kwa lugha ya siasa ni kujiuzulu. Mimi nilidhani ni kuchapa kazi! Ikulu wamepiga simu kunipongeza kwa ujasiri na kuulizia funguo za gari. Nimeeleza kuwa nilikusudia maana ya kwenye kamusi. Wamejibu kuwa kamusi haiteui mawaziri. Naibu kaapishwa mchana. Nimejifungia chooni nikalia. Choo chenyewe hakina maji.

Jumapili, 8 Machi
Boza la wizara halipiti tena kwetu. Mama watoto katoka kuchota maji, kanuna, kaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza mengi. Ningesema tu "tunalifanyia kazi", hadi leo ningekuwa waziri. Nasikia Wizara ya Umeme iko wazi. Kazi nyepesi ile: taa moja, kamera, na jenereta nyuma ya ukuta. Jirani anayo, tena haina kelele. Jioni nitampitia.